Jalada Langu Chini ya Chupa ya Chai

Siku ya kwanza kuripoti kituoni nilitoka nyumbani mtaa wa Gerezani kwa miguu, na buti mpya hazijaanza hata kuniuma nikawa nimeshafika. Mkuu wa Kituo, Mkaguzi mmoja mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alinitazama kuanzia kofia hadi chini.

"Unakaa wapi?"

"Hapo nyuma, afande. Paa letu linaonekana dirishani kwako."

Akachungulia kweli. "Basi usiniletee mambo ya kwenda kunywa uji saa nne. Mwandiko wako ukoje?"

Mwandiko ulikuwa mzuri. Ndio pekee niliotoka nao kidato cha nne ukiwa mzima. Wenzangu niliomaliza nao depo, chuo cha mafunzo ya polisi, walipangiwa doria sokoni, wakikimbizana na vibaka mitaa ya Kariakoo. Mimi nikapewa meza, kalamu na kabati la chuma, ofisi ya utumishi. Nilimshukuru Mungu kimyakimya. Depo yenyewe niliimaliza nikihesabu siku kama mfungwa, maana mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda kingine naamka na shingo imepinda. Kituoni wakanibatiza Kiguu na Njia, kwa kunikejeli.

Sasa nyie vijana mnaoniuliza vyeo vya polisi vinapandaje, nisikilizeni, maana nilivishika kwa mikono hii. Kila askari ana jalada: barua zake, taarifa za utendaji, adhabu, likizo. Jalada ndilo linalopanda cheo, mtu hulifuata nyuma. Unaanza konstebo, unapita koplo na sajini, ukijaliwa unavaa nyota ya kwanza, Mkaguzi Msaidizi, kisha Mkaguzi. Hapo kuna kizingiti. Ukikivuka unakuwa Mrakibu Msaidizi, nawe umeingia kwa wakubwa: mshahara wa daraja jingine na nyongeza yake, nyumba ya serikali au posho ya nyumba, na ukipewa wilaya, gari na dereva. Mwisho wa safari kuna kiinua mgongo, mkupuo unaopewa siku ya kuaga, na pensheni ya kila mwezi. Vyote viwili hutazama mshahara wako wa mwisho. Kwa hiyo cheo unachostaafu nacho ndicho utakachokula uzeeni.

Mtaani mtu akiona gari la Kamanda linapita anasema, "Wanakula nchi hao." Mimi niliyekuwa nachapa barua zao za uhamisho nilikuwa nikinyamaza. Kulikuwa na Mrakibu mmoja, jalada lake nene kama tofali. Ndani yake barua ya kuomba likizo, na juu yake barua yake mwenyewe ya kuiahirisha, kwa sababu ilikuwa wiki ya sikukuu na Kariakoo nzima imemwagika barabarani. Mwanawe wa tatu alikuja siku moja kumsubiri, akaniambia amesoma shule tano na hana rafiki aliyedumu naye mihula mitatu. Tangu siku ile, nikimpigia mtu saluti kwa ajili ya nyota zake, naipiga kwa moyo. Nyota zile zimelipiwa.

Tatizo ni kwamba mimi sikutaka kulipa. Nilifika Mkaguzi nikiwa kwenye meza ileile, labda mimi peke yangu nchi nzima. Lakini kuvuka kizingiti kunataka kozi, na kozi ikiisha unapangiwa mbali. Kila mwaka majalada ya Wakaguzi wanaofaa yalipanda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na aliyeyapandisha ni mimi. La kwangu nikaliwekea chupa ya chai juu. Likakaa hapo miaka, likiota duara la kahawia juu ya jina langu.

Wakuu wa Polisi wa Wilaya watatu walipita, wote wakaona chupa tu. Wa nne alikuwa mwanamke, Mrakibu Mwandamizi, mtaratibu, anayehesabu kila kitu. Aliniita asubuhi moja.

"Wakaguzi wangu ni kumi. Majalada ni tisa."

"Moja linafanyiwa kazi, afande."

"Kazi gani?"

Hakungoja jibu. Akashuka mwenyewe hadi ofisini kwangu, akainua chupa, akasoma jina langu chini yake, akaitikisa chupa kidogo. "Ina chai bado?"

"Ipo, afande."

"Nimiminie." Akainywa amesimama, jalada kwapani, kisha akalirudisha mezani, mbali na chupa. Ningependelea anitukane.

Usiku ule nikaandika barua kwa mwandiko wangu wote. Nikaomba kusamehewa kozi, kwa kuwa mama yangu mzazi ni mgonjwa wa magoti, hawezi kusimama pasipo msaada wangu, na mimi ndiye miguu yake. Nikampelekea mkononi. Aliisoma mara mbili, akasema, "Pole sana, Mkaguzi." Nikatoka nikijiona mwanasheria.

Nilisahau jambo moja ambalo hata konstebo wa juzi analijua: kwetu ukimwandikia mkuu kwamba una mgonjwa, mkuu anakuja kumjulia hali. Jumamosi ikapigwa hodi. Afande mwenyewe, amevaa kitenge na ushungi, dereva nyuma yake na mfuko wa machungwa.

"Nimekuja kumwona mama."

"Amelala, afande. Kapitiwa sasa hivi."

"Nitamsubiri." Akakaa.

Nikawa namwomba Mungu mama akutane na shoga zake huko soko la samaki la Feri alikokwenda, wapige soga hadi magharibi. Hata chai sijamimina, sauti ikaingia kutoka uani.

"Wewe! Njoo unipokee kapu! Natembea kutoka Feri na samaki changu wazima kichwani, wale wa bajaji wananitajia nauli kama nakaa Upanga kwa matajiri!"

Mama akaingia, jasho linamtoka, mkia wa samaki unachungulia kwenye kapu. Afande akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Nani mwenzetu?"

"Mkuu wake kazini. Nimekuja kukupa pole ya miguu."

"Miguu ya nani?"

Afande akaitoa barua kwenye mkoba akamsomea yote, bila kupandisha sauti, hadi pale pa "mimi ndiye miguu yake". Mama akaketi taratibu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Miaka yote hii," akasema, ananitazama mimi, "nawaambia watu mwanangu hana bahati kazini. Kila swala nakuombea upande. Kumbe bahati yako umenifanya mimi niikalie?"

Ndipo nikakumbuka kumpokea kapu.

Afande akanigeukia. "Kumdanganya mkuu wako kwa maandishi ni kosa la nidhamu. Unajua adhabu yake?"

"Najua, afande. Kushushwa cheo. Nimezichapa barua zake."

"Na pensheni yako?"

"Inashuka nacho."

Akaitazama barua mbele na nyuma. "Haina muhuri wa masijala. Barua isiyo na muhuri haijapokelewa." Akaikunja, akamkabidhi mama. "Mtunzie. Mkaguzi, Jumatatu saa mbili jalada lako lipande kwangu, na wewe ulibebe mwenyewe. Mshahara utakufuata kwenye kiti, cheo hakifuati mtu."

Mama akaitia barua kwenye sanduku lake la kanga, akafunga, kisha akamlazimisha mgeni kula changu.

Nikaenda kozi, shingo ikapinda wiki ya kwanza, ya pili ikanyooka. Nikavuka kizingiti, nikapelekwa wilaya moja ya kusini, basi la kutwa nzima, nikaandika majalada ya watu ambao mama zao walikuwa wagonjwa kweli. Nikahamishwa mara mbili zaidi. Sikuwa ofisa wa kusimuliwa, msidanganyike. Dereva wangu alijua njia kuliko mimi na alikuwa ananiambia hivyo. Lakini nimestaafu nikiwa Mrakibu, na serikali ikanisafirishia mizigo hadi mlango uleule wa Gerezani. Kiinua mgongo kimetengeneza paa, lile lililokuwa likionekana dirishani. Pensheni ndiyo inayoninunulia hiki ninachokipenda kuliko vyote, yaani kukaa nyumbani.

Mama yupo. Magoti yameshamwacha kweli. Asubuhi namshika mikono miwili anasimama, tunahesabu hatua hadi barazani, kisha mimi na kapu tunakwenda Feri, na wale wa bajaji sasa wananitajia mimi bei za Upanga.

Juzi aliniagiza sanduku la kanga. Akapekua hadi chini, akatoa karatasi iliyogeuka rangi, mwandiko bado mzuri. Akanipa.

"Mpelekee afande wako agonge muhuri," akasema. "Sasa ni ya kweli."