Nilivyokwenda Garissa Kupima Mawingu

Nilikwenda Garissa kwa sababu ya mawingu. Ofisini kwetu Nairobi, tunakotabiri hali ya hewa, zililetwa kutoka ng'ambo hesabu za kompyuta zilizosema mawingu ya asubuhi ya Garissa hukaa juu. Bwana mkubwa alitaka mtu akahakikishe kwa macho. Wenzangu waliposikia Garissa, na vita vile vya mashifta, waasi wa Kisomali, wote wakaumwa na tumbo. Nikabaki mimi, mzima wa afya.

Kutoka Thika tulikwenda kwa msafara wa malori, askari mbele na nyuma. Tulipopita Mwingi dereva alikanyaga alama za magurudumu ya lori la mbele tu, kwa kuogopa mabomu ya kutegwa. Utani wangu uliishia hapo.

Garissa nilipokelewa na Abdi, mtunza kipimo cha mvua, nyumbani kwake Galbet. Mkewe, Halima, alituletea chai ya maziwa ya ngamia.

"Kunywa kwanza, walaal," Abdi alisema, akiniita ndugu kwa Kisomali chake. "Mawingu haikimbii."

Asubuhi mbingu ilikuwa imefunga. Kazi yenyewe ni nyepesi: unaachilia puto jekundu, unatazama saa mpaka wingu lilimeze, na muda huo ndio unaokupa kimo cha wingu. Abdi alishikilia kwamba mwenyeji ndiye afungue kazi. Akasema bismillahi, akanyoosha mkono, akaliachilia.

Halijafika popote, risasi zikalia. Puto likapasuka, askari wakatuvamia, na afisa wao akamkaba Abdi shingo.

"Unawapa mashifta ishara!"

"Ni buto ya hewa tu, afande, wallahi!"

Nikapiga kelele kwamba puto ni langu. Hakuna aliyenigusa hata ukosi. Nilipigwa na butwaa: puto langu, kosa la Abdi!

Afisa akaniuliza puto huchukua muda gani kupotea. Kwa kihoro nikataja jibu la kompyuta: dakika tano.

"Achilia lingine. Likipotea kwa dakika tano, nitawaamini."

Nikajaribu kumweleza kwamba hesabu hiyo ndiyo niliyokuja kuijaribu. Hakutaka kusikia. Nikaliachilia, huku nikiliomba lisipotee. Dakika ya pili haijaisha, wingu likalimeza.

"Waongo," alisema. Abdi akatupwa ndani ya lori, likaondoka.

Nilimpasha Halima habari mlangoni. Akaniuliza:

"Mlikuwa bamoja. Mbona wewe wamekuacha?"

Aibu ilinishika, nikaondoka bila kumtazama.

Niliporudi Nairobi, bwana mkubwa alinipa mkono kwa furaha. Kompyuta ilikuwa imekosea, na kosa hilo ndilo alilokuwa akilitafuta. Nikamweleza habari za Abdi.

"Pole yake," alisema. "Lakini vipimo ni vizuri sana."

Nilijifunza kwamba kompyuta ikikosea husahihishwa. Abdi hakukosea, na mpaka ninapoandika haya hajarudi kwa Halima.