Karani wa Bei

Enzi za Mjerumani, karani wa bei pale boma la Arusha alifundisha watoto hesabu asubuhi, na mchana alichuchumaa sokoni akipapasa ndizi kwa vidole vyenye chaki. Siku Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, alipoamuru akina mama wa Meru wachapwe viboko mpaka wapunguze bei, yeye alisema kwa sauti yake ya darasani, "Bwana, ukiwachapa, kesho ndizi zitabaki mlimani. Askari wako watakula nini?" Mikono aliificha mgongoni; mimi, niliyekuwa nyuma yake nikiuza chumvi, niliona vidole vikifikicha chaki.

Viboko vikarudi bomani. Akamgeukia mama mmoja, Nanyori. "Haya mama, nipunguzie."

"Si umeitetea mwenyewe hii bei, mwalimu?"

Akalipa yote, anacheka. Sokoni pale sijaona tena mteja kama yule.