Jumatano ya Kumlimia Sista Ndanu

Ndanu ndiye muuguzi pekee wa zahanati yetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Masii. Mtoto akilia kwa sindano, yeye ndiye huomba msamaha. Siku niliyomzaa Wanza aliniuliza habari za kuku wangu, mmoja mmoja, ili nisahau uchungu.

Mwezi wa sita mkataba wake uliisha. Barua ilisema serikali haiajiri kwa sasa. Bado alikuja kila Jumatano, siku ya chanjo, bila mshahara. Lakini mvua ilikuwa karibu, shamba la mama yake halijaguswa, na hospitali moja ya kibinafsi kule Mlolongo ilikuwa ikimwita.

"Akikosa wa kumlimia ataenda," alisema Kamanthe, kiongozi wa mwethya wetu, kikundi cha kulimiana kwa zamu. "Tumlimie sisi. Na msimwambie, atakataa."

Tukachagua Jumatano, kwa sababu siku hiyo hashindi nyumbani.

Mimi nilipanga kuwafuata baadaye, maana Wanza alikuwa ametimiza miezi tisa na alingojewa na sindano ya surua. Nilipofika zahanati, benchi lilikuwa tupu. Sista Ndanu alikuwa amepakata kisanduku cha barafu kinachobeba dawa.

"Mama Wanza, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, sista."

"Chupa hii ni ya watoto kumi. Nikiifungua, baada ya masaa sita namwaga inayobaki. Tungoje wengine."

Tukangoja. Nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu nilipolisikia kwenye redio.

"Hao waliokataza serikali isikuandike kazi, wanakujua?"

Alicheka. "Hata jina hawajui. Ni shirika la fedha la kimataifa. Serikali ilikopa mpaka ikalemewa, ikaenda kwao. Wakasema watasaidia, lakini mishahara ya serikali ipunguzwe. Ndiyo ikaacha kuajiri."

"Wanakaa wapi?"

"Amerika."

"Na watoto wao wanadungwa na nani?"

"Na muuguzi, Mama Wanza. Nani mwingine?"

"Aliyeandikwa?"

"Labda wana sababu zao," alisema. "Pesa ikiisha imeisha. Ningependa tu kujua kama kuna mtu aliwauliza habari ya surua."

Saa tano ikafika, njia bado tupu. Akasimama, akachukua kufuli.

"Watu wamenichoka. Nilijiambia leo wakikosa kuja, kesho naenda Mlolongo."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya.

"Funga, sista. Lakini hicho kisanduku ubebe, twende kwenu."

"Kwetu kuna nini? Mama ni mgonjwa?"

"Mama yako ni mzima. Wewe twende."

Tulisikia vicheko kabla ya kuona watu. Akina mama zaidi ya ishirini walikuwa mteremkoni, wakichimba mitaro na kurusha udongo upande wa juu kuzuia maji. Watoto walikuwa wamelazwa kwenye leso kando ya ghala. Kamanthe akatuona.

"Nani amemleta? Mama Wanza, wewe mdomo wako ni redio!"

"Kamanthe," alisema Ndanu, "leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Na Jumatano mnawaleta nani zahanati?"

Majembe yakanyamaza moja baada ya jingine. "Aiii!" Kamanthe akashika kichwa. Kila mama aligeuka kumtazama mtoto wake.

Ndanu alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo mbichi. Kisha akaitisha maji na sabuni, akauliza ni wangapi wametimiza miezi tisa. Walikuwa wanane. Akafungua chupa. Wanza alikuwa wa kwanza, na akaombwa msamaha kama kawaida.

"Na Mlolongo?" nilimuuliza kwa sauti ndogo.

Alitazama mitaro. "Nitangoja mahindi ya hapa yavunwe. Baada ya hapo sijui."

Kamanthe alikuwa nyuma yetu, masikio wazi.

"Nyinyi!" akawapigia kelele walio chini. "Hapa hatupandi mahindi. Tunapanda mbaazi. Mbaazi inakaa shambani karibu mwaka mzima!"