Mpini wa Shoka la Marehemu

Nilipanda ndege kutoka nyumbani, nikaiacha koroboi juu ya meza ya mama yangu, nikaja Ulaya kwenye maendeleo. Majira ya baridi yale yale umeme ukaanza kukatwa kwa zamu Birmingham nzima, nami nikajikuta Small Heath, jikoni kwa mama mwenye nyumba, nakula viazi kwa mwanga wa mshumaa. Barua za nyumbani ziliuliza kama ni kweli Ulaya taa hazizimwi. Nikajibu ni kweli kabisa.

Mama mwenye nyumba alikuwa Mwingereza, mjane, mfupi, na maneno yake alikuwa akiyabana. Nilimshukuru kuliko nilivyopenda kuonyesha, maana kabla ya mlango wake nilikuwa nimebisha milango kumi na mmoja. Kote huko chumba kilikuwa kimechukuliwa dakika hiyo hiyo, na kikaratasi cha kutangaza chumba bado kipo dirishani. Watu wa mji ule walikuwa wepesi ajabu wa kupanga vyumba wakati mimi nikipanda ngazi. Yeye alinitazama miguuni, akasema nifute viatu. Hiyo ndiyo ikawa karibu yangu.

Sasa mke wangu alikuwa anakuja. Tulikuwa tumeoana miezi miwili tu kabla sijaondoka, na tiketi yake ilikuwa imeshakatwa. Chumba changu kilitosha kitanda chembamba na mawazo. Lakini kulikuwa na chumba cha mbele, kikubwa, ambacho mama mwenye nyumba hakumpangisha mtu tangu mumewe afariki. Nikamwomba. Akasema, "Nitaangalia." Wiki ile nilikuwa mtu mwema mpaka nikajichosha mwenyewe.

Jumamosi akaniuliza kama naweza kumchanjia vijiti vya kuwashia makaa ya mawe. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Ningesema "naweza", basi, ingetosha. Nikamwambia babu yangu alikuwa mchonga mipini, kwetu mtoto hushika shoka kabla ya kijiko, asipate taabu ya kunielekeza. Akanipa shoka dogo la marehemu mumewe. Mpini marehemu aliuchonga mwenyewe, nao ulikuwa unang'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Nikapiga mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu chuma kilipita juu ya gogo, mpini ndio ukalipata. Ukakatika pale pale shingoni.

Angenitukana ningeshukuru. Aliokota vipande vyote viwili, akavifunga kwenye gazeti, akaingia navyo ndani. Jioni akachemsha chai ya mtu mmoja. Niliogopa, nasema wazi. Nilimwona mke wangu ameshuka na sanduku lake kwenye baridi ile, kavaa viatu vya wazi, nami namtangulia kubisha mlango wa kumi na tatu.

Madukani kulikuwa na mipini tele. Lakini mtu aliyeshatamba kwamba babu yake ni fundi atanunua mpini kwa sura gani? Nikagonga mlango wa mama mwenye nyumba, nikamwambia nitamchongea mwingine. Akajibu kutoka ndani, "Haya."

Nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana moja kule Tyseley. Mashine ya jirani yangu ilikuwa ya Mfini mmoja, bwana ambaye akikuamkia Jumatatu, salamu inatosha mpaka Ijumaa. Nilipomsimulia mkasa wangu, alifungua koti, akachomoa kisu kwenye ala ya ngozi kiunoni. Kwao wanakiita puukko. Kilikuwa kifupi, mpini wa mti mweupe, hakina pambo lolote. Nikamuuliza kama hicho si cha kumenyea viazi. Alikipitisha taratibu juu ya ukucha wake, ukatoka utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Nikamwomba aniazime.

Kesho yake aliniletea kisu pamoja na kipande cha mti wao mmoja mgumu, wenye nyuzi zilizonyooka, ambao ndio wanaochongea mipini. Akanipa masharti mawili: nichongee nje, na nilitazame shoka kwanza. La kwanza nililitimiza, maana mama mwenye nyumba asingevumilia maranda ndani ya nyumba yake. La pili lilinichekesha. Yaani Mfini amfundishe kazi mjukuu wa mchonga mipini!

Jumapili mbili nzima nilikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya choo cha nje, makoti mawili mwilini. Kile kisu, licha ya ufupi wake, kilikuwa kinaingia kwenye mti kana kwamba ni papai. Maranda yalitoka marefu, yakajikunja miguuni kwangu. Vidole vilipoganda nilivipuliza, nikaendelea. Nilifuata alivyofanya babu hatua kwa hatua: mwishoni unaacha kichwa kinene kama ngumi, shingo unailainisha, na pa kushikia unapapinda kidogo. Mama mwenye nyumba alikuwa akichungulia dirishani, nami nikijifanya simwoni, huku naugeuza mpini upande wake autazame vizuri. Ulikuwa mpini mzuri. Mpaka leo nasema ulikuwa mzuri.

Jumamosi iliyofuata, siku ya mke wangu kufika, mama mwenye nyumba alitoka uani na lile gazeti. Akalikunjua. Kile kipande cha zamani alikuwa ameshakitoa kwenye chuma, na chuma kilikuwa kimelala peke yake. Nikakitazama. Kilikuwa na tundu.

Kwetu chuma cha shoka kina mkia, na mkia ndio unaopenya kwenye kile kichwa kinene cha mpini. Kwa Waingereza mti ndio unaopenya kwenye chuma. Shoka lile nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu, nikalivunja kwa mikono yangu, na sikuwahi kulitazama. Jumapili mbili kwenye baridi, na nilichokuwa nimechonga ni rungu.

"Zuri," akasema mama mwenye nyumba. "Linaingia wapi?"

Nilikuwa na saa tatu kabla ya kwenda kumpokea mke wangu. Nikakipunguza kile kichwa mbio mbio ili kiingie tunduni, nikazidisha, kikawa chembamba kikacheza. Nikakikata, nikaanza upya chini yake, mti ukapasuka. Nikakata tena. Hatimaye ukaingia, nikaukaza kwa kabari, na mpini uliobaki ulikuwa wa shubiri moja na nusu. Mama mwenye nyumba alilitazama lile shoka, akarudi ndani. Kuhusu chumba hakusema kitu.

Nilirudi na mke wangu machweo, umeme umekatwa, nyumba baridi. Njiani nilikuwa nimemwambia chumba kikubwa kipo, Mungu anisamehe. Nikaenda uani kuchanja vijiti. Kwa ule mpini mfupi, kila nikiinua nilikuwa nakaribia kujikata goti. Mke wangu alisimama mlangoni na mama mwenye nyumba, wote wawili wakinitazama.

"Bwana, lete," akasema mke wangu.

Alivua koti nililomnunulia, akachuchumaa kama anavyochuchumaa kwao, akalishika shoka karibu na chuma. Alikuwa akigonga kidogo kidogo, tap, tap, na vijiti vikaanguka huku na huku, vyembamba, vyote sawasawa. Kumbe kwa mtu aliyechuchumaa mpini ule ulikuwa na urefu wake hasa. Hakuchukua hata dakika tano. Akavikusanya kwenye mkunjo wa kanga, akaingia navyo, akapiga magoti mbele ya meko, akawasha moto kwa kiberiti kimoja.

Mama mwenye nyumba akatoka, akarudi na ufunguo. Akamtia mke wangu mkononi.

"Chumba cha mbele ni chako," akamwambia. "Na huyu, ukimtaka, mweke humo."

Mke wangu alikuwa hajui Kiingereza. Akanigeukia nimfasirie.

"Anasema chumba ni chetu," nikamwambia.

Alimtazama yule mama, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue midomo ilikuwa inamcheza. Akanitazama mimi. Akautazama ule mpini.

"Mbona kasema maneno mengi kuliko hayo?" akauliza.