Dada Amefunga Bendeji Mkono Mzima

Admin, naomba ufiche jina langu, hapa kambini Dzaleka, Malawi, tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mkongomani wa Fizi. Miguu yangu haijawahi kunibeba, na mkono wa kulia ni wa kupambia gauni tu. Naishi na dada yangu mkubwa, namwita yaya. Ndiye anayeniogesha na kunipeleka chooni, na sijawahi kumsikia akinung'unika.

Kazi yangu hakuna aliyenifundisha. Nafumua magunia ya unga, nyuzi nazishika kwa meno, nazifunga kwa mkono wa kushoto hadi inatokea sanamu ya mtu. Yaya ndiye hupeleka sanamu Lilongwe, maana mimi na kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, hatupatani. Wanunuzi walipomuuliza fundi ni nani, mwanzoni alicheka tu. Baadaye akaanza kujibu, "Ni mimi." Nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia jina haliliwi. Kumbe linauma!

Mwezi uliopita nyumba moja ya maonyesho iliomba sanamu kubwa. Nikamfuma marehemu mama akikimbia vita, mtoto mgongoni. Mtoto yule ni mimi. Safari hii nikasema naenda pia, jirani akanibeba hadi kwenye minibasi. Tulipofika, mwenye nyumba akamwomba yaya afume kidogo mbele ya wageni. Yaya akainua mkono, umefungwa bendeji. Sijui aliifunga saa ngapi, labda alipokwenda chooni pale stendi. Mkono ule ule ulioniogesha asubuhi!

"Niliungua na mafuta," akasema. Kisha akaonyesha sanamu. "Huyu mutoto njo mimi. Na huyu mudogo wangu, namufundisha polepole."

Wageni wakanipigia makofi ya huruma. Nami nikatabasamu, mjinga mimi.

Nyumbani nilimlipukia. Yeye alikuwa anafungua ile bendeji huku maji yangu ya kuoga yako jikoni. Akanijibu bila kupaza sauti: "Toka Fizi mupaka ku ziwa mi nilitembeaka na miguu, nilikuwa na miaka nane. We njo ulibebwaka. Mama alikuwa na mugongo moja tu. Sasa unibebe na mimi."



Sasa wale watu wa maonyesho wanangoja apone, akafume mbele yao. Anataka nimfundishe. Nimejaribu, lakini fundo halishiki, kwa sababu anatumia mikono yake miwili mizuri, na kazi hii inataka meno. Nikisema ukweli, naaibisha mtu pekee niliye naye duniani. Nikinyamaza, nitakufa mwanafunzi wa kazi yangu mwenyewe.

Leo asubuhi nimeamka nikamwona amekaa chini, nyuzi mdomoni, midomo imechanika inatoka damu. Aliponiona akazitema, akaniuliza kama leo maji nayataka ya moto sana au ya vuguvugu.

Ndugu zangu, matusi wekeni kando, mnishauri. Mtu asiyeweza hata kusimama, anambebaje dada yake?