Mjumbe wa Bei za Maharage

Asmahani, mnunuzi wa maharage wa Kibondo, hakusoma kompyuta chuoni. Alinunua kitabu chakavu mnadani, akabishana nacho miezi minane kama anavyobishana na wauza maharage, mpaka kikasema. Somo lililomtesa ni la mjumbe: kipande cha programu kinachoshika orodha, tukio likitokea kinawaita wote waliomo. Alilielewa siku alipomwona mjumbe wa nyumba kumi akipita kutangaza msiba. Mjumbe hana maswali. Uliyeandikwa, unagongewa.

Mwaka 2014 akatengeneza programu yake. Akibadili bei ya maharage, kila mkulima aliyejiandikisha anapata ujumbe wenye jina lake.

Mkulima mmoja, Kipriani wa Kitahana, alipofariki, Asmahani alimtoa kwenye orodha siku hiyohiyo. Jumatatu ya nne baada ya msiba, mjane wake, Maximilla, akaingia dukani kwa Asmahani.

"Dada, hebu soma."

*Kipriani, bei imepanda. Njoo mapema.*

"Simu ya marehemu si mngeizima tu?"

"Imezimwa, iko sandukuni. Huu umeingia kwenye yangu. Kila Jumatatu. Mama mkwe anasema anayeitwa hivi hatulii kaburini. Ukiingia tena, mimi na watoto tuhame ile nyumba."

"Wafu hawalimi maharage, mama Kezia," Asmahani alisema. Ila jina alikuwa amelitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Akafungua programu. "Kwenu mtandao unakamata?"

"Mpaka upande kichuguu."

"Kipriani alijiandikisha mara ngapi?"

Maximilla akawaza. "Alitoa na namba yangu. Alisema akiwa shambani, nimpokelee mimi."

Ndiyo hapo. Jina moja lilikuwa kwenye orodha mara mbili, kwa simu ya mume na kwa simu ya mke. Amri moja ya kutoa hutoa moja tu. La pili lilibaki likiitwa.

Akalitoa. Akabadili bei, akabonyeza. Nje, wakulima wawili waliinamia simu zao. Ya Maximilla ilikaa kimya juu ya meza.

"Bei ngapi leo?" Maximilla akauliza.

"Elfu moja mia tatu kwa kilo."

"Nina magunia sita. Niandikishe. Kwa jina langu."

Asmahani akaandika namba ileile aliyoifuta sasa hivi. Kidole kikasita. "Nibonyeze tuone kama unafika?"

"Subiri nitoke." Maximilla alifunga simu kwenye pindo la kitenge. "Ujumbe unikute njiani, usinikute ndani ya nyumba."

Asmahani alingoja mpaka kitenge kikapinda kona ya mashine ya kusaga, ndipo akabonyeza.