Matanga Bila Maiti

Mimi ni fundi cherehani wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, na nasema hivyo bila kuinamisha kichwa. Nimewavalisha maharusi, mashemasi, na wanawake wa barabara ya Chaussée de Wavre ambao mshono mbaya wanauona kutoka ng'ambo ya barabara. Ninapenda kitenge kinachopiga kelele, cha njano, cha bluu, chekundu cha kuumiza macho. Kwa hiyo binti yangu wa pekee alipoanza kuvaa nyeusi tupu, toka viatu mpaka kucha, nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Alijipaka wanja mzito, akatia rangi nyeusi midomoni, akaning'iniza misalaba mitatu shingoni, yeye ambaye kumwamsha Jumapili aende kanisani ni vita. Nilipomuuliza, akasema ni gothiki. Nikamwambia gothiki ni makanisa, siyo kucha. Tunakaa Koekelberg, basilika kubwa iko mbele ya dirisha letu la jikoni, na kwa miaka yote niliwaambia wageni wangu kwamba ile ndiyo gothiki yenyewe. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Maman, ile iko ya juzi tu! Kuya nikuonyeshe ya kweli."

Akanipeleka katikati ya mji, kwenye kanisa la kale. Akanionyesha matao yenye ncha, madirisha ya vioo vya rangi, na mazimwi ya mawe yanayotapika maji ya mvua kutoka kwenye paa. Alieleza kwa furaha, kama mtu anayeonyesha nyumba ya babu yake. Akasema hadithi alizokuwa akisoma zilizaliwa kwenye majengo ya namna hiyo: nyumba kubwa, mlango uliofungwa, mwanamke mwenye mshumaa anayesikia nyayo juu ya dari. Nikamuuliza huyo mwanamke anaufungulia nini huo mlango. Mwanamke wa kwetu Bukavu asingethubutu, angewaita kwanza watu wa maombi.

"Anafungua sababu ndani kuko muntu mwenye banasahau," akanijibu.

Jibu hilo sikulipenda. Nikamwambia twende nyumbani, nina kazi.

Kwetu nyeusi ina kazi yake, na mimi niliifanya. Mume wangu alifariki mwaka wetu wa kwanza hapa Brussels, tukiwa hatujui mtu. Hakuna aliyekuja na sufuria. Hakuna aliyeketi nami mkekani akaniuliza ilikuwaje. Nilivaa gauni moja jeusi mwaka mzima kama desturi inavyotaka, nikilifua usiku na kulivaa asubuhi. Siku ya kuondoa matanga tulikuwa wawili tu, mimi na mtoto wa miaka saba. Nikalivua, nikalitia kwenye mfuko wa takataka, nikavaa njano. Habari za kifo kile sikuzisema tena, hata kwa mtoto. Nikashona.

Sasa mtoto huyo alikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya ushonaji. Kazi yake ya kumalizia ilikuwa gauni, na maonyesho yalikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, wazazi wote wamealikwa. Aliniomba niende. Nikamwambia nina nguo za harusi za kumaliza. Nilidanganya, na alijua, maana meza yangu anaiona kila siku. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Matonge nilikuwa natembea hatua mbili mbele yake, watu wasijue tuko pamoja. Nikikumbuka hivyo leo, najichukia.

Jumapili kabla ya maonyesho, baada ya ibada, mkubwa wa chama chetu cha wanawake wa Kivu alinivuta pembeni. Ni mama mtu mzima, fundi kabla yangu, ndiye aliyenipa cherehani yangu ya kwanza katika mji huu.

"Maman, mutoto iko navaa nyeusi, mwezi ya tatu sasa. Kuko nini kwenu?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja: mtindo. Badala yake nikaangalia chini. "Ni mambo ya nyumbani, maman. Tuombeane."

Hayo tu. Lakini kwa watu wa kwetu, mtoto aliyevaa nyeusi, mama aliyeangalia chini na "mambo ya nyumbani" vikikutana, umeshatangaza msiba. Hakuna anayeuliza ni nani. Watu wanakwenda kuinjika sombe, kisamvu cha kwetu.

Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, kengele ikalia. Nikafungua. Wanawake kumi na mmoja wa chama walikuwa kwenye ngazi, mkubwa wao mbele, wametoka kituo cha Porte de Namur kwa metro na sufuria zao zimefungwa kwa vitenge. Waliingia wakilia. Wakavua viatu, wakasukuma cherehani yangu ukutani, wakatandika mkeka, wakazima redio. Wawili wakaliteka jiko. Mimi nilisimama katikati na futi ya kupimia shingoni, na kila mmoja alinikumbatia na kunilowesha bega.

Nikiri jambo. Nilianza kupekua ukoo wangu kichwani, nikitafuta mtu mzee wa kutosha. Nina mjomba Uvira ambaye amekuwa mgonjwa tangu nikiwa msichana. Nilikaribia kabisa kumzika.

Kilio kikatulia. Mkubwa wa chama akakaa vizuri, akajifunga kitenge kiunoni, akauliza swali ambalo huulizwa katika kila matanga.

"Bon, maman. Tuambie. Ilikuwaka namna gani?"

Hapo ndipo mlango wa chumba ulipofunguka. Binti yangu alikuwa anataka kuondoka kwenda shuleni, na alikuwa amelivaa gauni.

Sikuwahi kuliona. Alilishonea shuleni, akalileta limefunikwa. Lilikuwa la mahameli nyeusi, kiuno kimebanwa kwa kamba mgongoni, mikono inaishia kwa ncha juu ya vidole kama yale matao ya kanisani, na kutoka kiunoni marinda yalishuka yamenyooka mpaka sakafuni, hakuna hata moja lililopinda. Mtu mmoja akasema "Yesu." Binti yangu akawatazama, akaziona sufuria, halafu akanitazama mimi. Alishaelewa. Na nikaona usoni mwake, chini ya wanja wote ule, kwamba alikuwa anangoja nimkane.

"Hakuna muntu alikufa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nilibadanganya, munisamehe. Mutoto yangu anapenda nyeusi, ni vile tu. Na hii robe, ni yeye alishona. Yeye mwenyewe! Miye sikugusa hata sindano."

Mkubwa wa chama akainuka taratibu, magoti yakilalamika, akamwendea. Nilidhani atamkemea shetani. Lakini yule mama ni fundi, na fundi hasifu nguo kwa nje. Akainama, akashika pindo, akaligeuza. Kidole chake kikafuata mshono kutoka chini mpaka karibu na goti. Kisha kikasimama.

"Na hii bitana, uliitoa wapi?"

Nikasogea. Chini ya mahameli mpya kulikuwa na pamba nyeusi iliyochujuka kwa kufuliwa mara nyingi, ikielekea kijivu. Karibu na pindo kulikuwa na kiraka chenye mistari miwili ya uzi, imepinda. Mishono yangu haipindi. Imepinda mara moja tu maishani, mwaka ule wa matanga, nilipokuwa nashona sioni sindano kwa machozi.

"Niliitoa mu poubelle, mu mufuko ya takataka, maman," binti yangu akasema. "Nikaificha. Mwaka muzima nilikuona ndani yake, unasimama droit, wima, na hakuna hata muntu moja alikuya kukushika. Mu vitabu vyangu vyote, sijaona reine, malkia wa kukufikia."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, nililia.

Mkubwa wa chama alirudisha pindo, akalinyoosha kwa kiganja. "Mushono iko safi," akasema. Kutoka kwake hiyo ni shahada. Halafu akawageukia wenzake. "Alors? Munaikaliya nini? Mutoto atachelewa."

Tulikwenda wote. Wanawake kumi na wawili wa vitenge ndani ya metro, na katikati yetu msichana mmoja wa mahameli nyeusi, na safari hii nilimshika mkono ili kila mtu ajue ni wa nani. Shuleni walimu waliligeuza pindo pia, wakauliza habari za bitana, na kabla binti yangu hajamaliza kueleza, mkubwa wa chama alipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika barabarani. Mwalimu mmoja akaniuliza kama mimi ni mama. Nikajibu kwa Kifaransa changu chote, kwa sauti ya sokoni, kwamba ndiyo, ni mimi, na yule ni binti yangu.

Tuliporudi Koekelberg sombe ilikuwa imepoa. Ikapashwa moto, tukala. Nilidhani wataaga. Lakini mkubwa wa chama alirudi mkekani, akakaa palepale alipokuwa ameketi mchana, akajifunga upya kitenge chake. Wengine wakakaa. Binti yangu akaketi sakafuni, gauni limemzunguka.

"Sasa, maman," yule mama akasema polepole. "Ile ya kweli. Ilikuwaka namna gani?"

Nikavua futi shingoni, nikaikunja. Kisha nikawaeleza jinsi mume wangu alivyokufa.